Nimeacha kupunja, lakini moyo umekuwa mkali. Hii ndiyo tabia ya Kristo?

KijanaWaMchele (Mbeya)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wazee wetu, shikamooni.

Nauza mchele na maharage sokoni, hapa Mbeya. Ni Mmoravian wa kuzaliwa, lakini kumfuata Yesu kwa kumaanisha nilianza nikiwa tayari na meza yangu. Jambo la kwanza lililonibana lilikuwa vipimo. Walio kwenye biashara hii wanajua: kopo hugongwa kitako kikaingia ndani, na mchele wa Mbarali huchanganywa na wa Kyela kidogo tu ili unukie, kisha gunia zima linaitwa Kyela. Nikasema kwangu hapana. Nina mizani, nina kopo ambalo kitako chake hakijaguswa, na kila mchele unakaa kwenye gunia lake kwa jina lake.

Matokeo yake bei yangu inaonekana ya juu. Mteja anauliza, anaguna, anahamia meza ya jirani. Namwona anapimiwa pale kwa kopo lililogongwa na anaondoka ameridhika. Hapo ndipo penye shida yangu. Simwonei huruma. Moyoni nasema, shauri yako. Na huyo jirani, ambaye zamani tulikuwa tunaachiana meza mmoja akienda kula, siku hizi salamu yangu kwake ni ya mkato. Nikitaka kutoka nafunika magunia kwa turubai, sitaki kumwomba kitu. Mke wangu juzi kaniambia, "Tangu uache kupunja umekuwa mkali hata nyumbani." Sikuwa na la kumjibu.

Ibada sikosi, na Wagalatia 5:22, ile ya tunda la Roho, upendo, upole, uaminifu na mengine, naijua kwa moyo. Mchungaji wetu anafundisha kwamba Roho ndiye azaaye hilo tunda, sisi kazi yetu ni kukaa ndani ya Kristo. Sawa. Halafu nafungua 2 Petro 1:5 nakuta "mkijitahidi sana kwa upande wenu, katika imani yenu tieni na wema". Sasa nijitahidi au nisubiri? Na inakuwaje uaminifu ukue ndani ya mtu mmoja huku upole wa mtu huyo huyo unanyauka? Nimeuomba huo upole kwa machozi na siuoni. Tafadhali msinitumie mistari mitupu, mistari ninayo. Niambieni ninyi mnafanyaje.

DukaLaKona (Dodoma)

Pole, kaka. Mimi kopo nililiacha kabisa. Natumia mizani peke yake, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na naigeuzia upande wa mteja asome mwenyewe. Weka na kibao cha bei: Kyela bei hii, Mbarali bei hii. Wateja wa kudumu watakujua taratibu, wengi wao ni mama lishe, kwa sababu wao wanapika kila siku na wanajua kilo ya kweli inatoa sahani ngapi. Usirudi nyuma. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Huyo jirani achana naye, Mungu anamwona.

Neema_wa_Madhabahu

Mpendwa, hiyo ni roho ya uchungu. Waebrania 12:15 inasema shina la uchungu lisije likachipuka na kuwasumbua, na watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo. Tafuta watumishi wakuombee ufunguliwe. Usilichukulie jambo hili kawaida.

MkungaMstaafu (Kagera)

Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe.

Dada Neema, umefanya vema kumwonya juu ya uchungu, na kuombewa ni kuzuri, aende. Ila mwanetu atakapotoka kwenye maombi hayo kesho yake asubuhi atafungua meza ile ile, na jirani atakuwa pale pale. Nataka kusema juu ya asubuhi hiyo. Na wewe mwenzetu wa Dodoma, ya mizani na kibao nayaunga mkono yote. Neno moja tu sikubaliani nalo: "achana naye." Hilo ndilo ambalo kijana ameshalifanya, na ndilo linalomkausha.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Mkulima analeta gunia, karani anasoma mizani na kuandika daftarini, na mkulima asiyejua kusoma anaondoka na hesabu yoyote aliyoandikiwa. Baba alipookoka alianza kupita nyumba kwa nyumba kwa watu aliokumbuka kuwa aliwapunguzia, akawalipa kwa kahawa ya shamba letu. Mama alikuwa anasimulia kwamba msimu ule watoto hatukushonewa nguo.

Kwa watu wa uamsho hilo halikuwa ajabu. Uamsho wa Afrika Mashariki wengi huuhesabu tangu mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, wakafungua Biblia pamoja na kuomba. Ukawaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukashika Uganda, ukatufikia na sisi Buhaya, huku Kagera. Kila ulipopita watu walirudisha: mifugo, fedha, vifaa vya mwajiri, mahari iliyokuwa imedhulumiwa. Walikuwa wameisoma habari ya Zakayo kwenye Luka 19, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu, wakaitenda kama ilivyo, huku wakiimba Tukutendereza, wimbo wa sifa wa uamsho huo. Sehemu hiyo husimuliwa sana. Inayofuata husimuliwa kidogo.

Baba alipokwisha kulipa akawa mtu mgumu. Kwake makarani wenzake wote walikuwa wezi, na alitaka wajue kwamba anajua. Nyumbani tulimwogopa kuliko alipokuwa mlevi, maana mlevi hulala. Ndipo siku moja katika ushirika, ule wa kila juma ambapo kila mtu husema moyo wake ulivyo, mama mmoja mjane akasimama. Alikuwa mmoja wa wale waliorudishiwa. Akamwambia, "Ndugu, kahawa yangu nimeipata, namshukuru Mungu. Lakini enzi zile za kunipunja ulikuwa unanisalimia. Siku hizi hunioni."

Mwanangu, lisome tena neno la yule mama. Baba alikuwa ameondoa dhambi kwenye mizani na akaacha nafasi ile tupu. Mtu aliyepunjwa alikuwa kwake hesabu ya kufunga, na hesabu ilipofungwa hakuwa na haja naye tena. Nakuuliza wewe: yule mteja anayehamia meza ya pili, unamwonea uchungu yeye kwa kuwa amepunjwa, au unauona uchungu wako kwa kuwa amekuacha? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe ukiwa umepiga magoti.

Wewe si wa kwanza. Katika uamsho huo huo, kule Uganda, wapo ndugu waliofika mahali pa kujitenga, wakajihesabu wao kuwa ndio walioamka na wenzao kuwa wamelala. Walikuwa watu safi. Walikuwa wakali juu ya dhambi zao wenyewe kweli kweli. Mimi nadhani hatari hii haiwapati walegevu, inawapata wanaomaanisha, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Sasa umeuliza, nijitahidi au nisubiri. Paulo anaziweka pamoja katika pumzi moja, Wafilipi 2:12 na 13: utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka, kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Mimi naielewa hivi, baada ya kuzalisha wanawake wengi: mkunga hamuumbi mtoto, lakini ole wake mkunga anayeketi na kusema Mungu atamtoa. Jitihada yako ipeleke kwenye mambo unayoweza kuyafanya kwa mikono na mdomo. Kujisikia mpole huwezi kujilazimisha. Kutamka salamu nzima unaweza, leo hii, hata moyo ukiwa bado mkavu, na huo si unafiki maadamu unamwomba Mungu aujaze.

Baba alifanyaje? Hakwenda kumwonya karani mwenzake. Alikwenda kumwomba. Alimwomba machipukizi ya migomba, maana yule bwana alikuwa na shamba zuri kuliko letu. Akaketi kwake, akanywa kahawa yake, akarudi na machipukizi begani. Karani yule alikuwa bado anapunja wakati huo. Lakini baba alikuwa amekubali kuwa mdeni wa mtu aliyemdharau, na kiburi hakiwezi kukaa sawasawa na deni la namna hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ondoa hilo turubai. Ukienda kula mwombe jirani akuangalizie meza, kama zamani.

Wa pili unahusu kinywa. Watu wetu wa uamsho walikuwa na desturi ya kutubu upande wao wenyewe bila kuugusa upande wa mwenzao. Askofu Festo Kivengere, ambaye kabla ya uaskofu aliwahi kuwa mwalimu Dodoma, alisimulia mwenyewe jinsi alivyomwonea wivu William Nagenda, mhubiri mwenzake. Nagenda alikuwa anahubiri vizuri, watu wanaguswa, na Festo moyoni anatafuta kasoro. Roho alipomwonyesha, alimwendea akamwambia, nisamehe, nimekuonea wivu. Hakusema "lakini na wewe". Huyo ndiye Festo ambaye mwaka 1977 alilazimika kuikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, na bado akatangaza hadharani kwamba amemsamehe Idi Amini, mtawala wa Uganda wakati huo. Mimi naamini msamaha mkubwa ule ulijifunzwa kwenye msamaha mdogo wa kwa Nagenda. Hakuna anayeamka asubuhi moja akamsamehe dikteta wakati ameshindwa kumwambia ndugu yake nisamehe.

Wa tatu, mkeo. Yeye amekwisha kuifanya kazi ya yule mama mjane. Umesema hukuwa na la kumjibu. Mjibu. Mwambie umesikia, na umwombe akwambie tena akiona. Mwenye mtu wa kumwambia ukweli nyumbani kwake ana mali ambayo ushirika mzima hauwezi kumpa.

Mwinjilisti_Rungwe

Shalom. Mama, umenena, asante sana. Kijana, kwa kuwa ni Mmoravian mwenzangu, naomba nikukumbushe historia ya nyumbani kwetu wenyewe.

Kila tarehe 13 Agosti tunakumbuka mwaka 1727, Roho alivyoshuka juu ya ndugu wa Herrnhut kule Ujerumani. Wengi tunakumbuka moto na maombi ya saa ishirini na nne yaliyoendelea zaidi ya miaka mia moja. Tunasahau hali yao kabla ya hapo. Wale walikuwa wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya imani, wakaanza kujenga pale mwaka 1722 kwenye ardhi ya Zinzendorf, mtawala mdogo Mkristo aliyewapokea. Watu walioacha nyumba na mashamba kwa ajili ya Kristo! Na watu hao hao wakagombana mpaka wakataka kusambaratika, kila upande ukiwa na hakika kwamba ndio ulio sahihi. Zinzendorf aliacha shughuli zake akawa anapita nyumba kwa nyumba kuzungumza nao. Mwezi wa Mei 1727 wakakubaliana kwa maandishi jinsi watakavyoishi pamoja, wakagawanywa katika vikundi vidogo vya kuombeana na kuambiana ukweli. Agosti ndipo wakaenda meza ya Bwana kanisani pale Berthelsdorf, kijiji cha jirani, na Roho akawayeyusha. Kwa hiyo Mei ilitangulia Agosti. Jibu la swali lako la kujitahidi au kusubiri mimi naliona hapo.

Lakini mama, kwa heshima zote, nina jambo la kuongeza kwa ajili ya mnunuzi. Anayepimiwa kwa kopo lililogongwa mara nyingi ni maskini, ananunua kwa kopo kwa sababu hana fedha ya kununua kilo nyingi. Amosi 8:5 inawakemea wanaoipunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, na aya inayofuata inasema wanafanya hivyo ili wawanunue maskini kwa fedha. Mungu mwenyewe amekasirika pale. Sipendi kijana akafikiri kwamba hasira yake yote ni dhambi, au kwamba upole ni kutabasamu na jirani wakati mjane anapunjwa mbele ya macho yake. Mathayo 18:15 inasema enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Siku moja itabidi aseme.

MkungaMstaafu (Kagera)

Mwinjilisti, nakubali, na asante kwa kunirudisha kwa mnunuzi, nilimwacha haraka mno. Ndiyo, itabidi aseme. Nataka tu awe amekula na mtu huyo kwanza. Sasa hivi akimwonya, jirani atasikia tu kwamba amefunikiwa magunia kwa turubai.

DukaLaKona (Dodoma)

Nimesoma na nafuta lile neno langu la "achana naye". Ila niulize kwa nia njema: mtu anayegonga kopo, utamwachiaje meza yako yenye fedha na mali? Uaminifu si pamoja na busara?

KijanaWaMchele (Mbeya)

Shikamoo mama, shikamoo mwinjilisti. Nimesoma na mke wangu, yeye alisoma kwa sauti. Tulipofika pale pa "siku hizi hunioni" akanyamaza akaniangalia tu.

Kaka wa Dodoma, nijibu hilo lako kwa sababu nimelifikiria. Miaka yote tuliyoachiana meza huyu jirani hakuwahi kuchukua hata shilingi yangu. Mwanangu alipolazwa, ndiye aliyeniuzia mchele wangu kwa siku kadhaa na kunikabidhi fedha kwa hesabu. Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo mpaka ulipouliza. Ana udhaifu kwenye kopo, na ana wema ambao mimi niliufuta.

Bado nina swali, mama. Mwinjilisti anasema siku moja itabidi niseme, wewe unasema nile naye kwanza. Nikimwomba msamaha kwa ajili ya dharau yangu, atauliza, dharau ya nini? Sitaweza kukwepa habari ya kopo. Nikiitaja itaonekana nimekuja kumhukumu kwa mlango wa nyuma. Nisipoitaja nitakuwa nimedanganya. Nisemeje?

MkungaMstaafu (Kagera)

Marahaba, baba. Msalimie sana mkeo.

Usiende mchana wakati wa wateja, na usiende jioni mmeshachoka na kila mmoja anahesabu mauzo. Nenda asubuhi mnapopanga magunia, ukiwa umekwisha kumwombea kwa jina lake, yeye na watoto wake na biashara yake iende vizuri. Hilo la biashara usiliruke, ombi hilo litakuuma na ni lazima liume. Anza na lile la hospitali: mwambie ulikuwa hujamshukuru inavyopasa. Kisha mwambie, "Nimekuwa nakusalimia vibaya na kukudharau, nisamehe." Ishia hapo, nyamaza, mwache aseme.

Akiuliza dharau ya nini, mwambie kweli, kwa maneno machache, na ujiweke humo: "Mimi na wewe wote tulikuwa tunapima kwa kopo la kugonga. Mimi niliacha, nikajiona bora kuliko wewe. Kujiona bora huko ndiko nimekuja kukutubia." Kopo utakuwa umelitaja, lakini mshtakiwa katika sentensi hiyo ni wewe. Asipouliza, usimlazimishe kusikia. Siku ya Mathayo 18 ya mwinjilisti itakuja, na wewe utaijua kwa sababu utakuwa unaogopa kumpoteza.

Anaweza pia kukucheka, au akakwambia mambo ya kwako ambayo hukuyategemea. Akikwambia, sikiliza mpaka mwisho. Na saa ya chakula ikifika, hata kama asubuhi haikwenda vizuri, mwombe akuangalizie meza.

Mwinjilisti_Rungwe

Amina, mama. Kijana, niandikie faragha uniambie uko usharika gani. Tuna kikundi kidogo cha ndugu wafanyabiashara, Jumatano jioni tunakaa, tunasoma, tunaambiana hali zetu. Si wengi. Wawili kati yao wanauza nafaka, na mmoja wao jambo hili la jirani limemsumbua kama wewe.